Mkasi Uliokuwa Ukilala Nyumbani

Asubuhi ya Jumatatu, Januari 4, 2021, binti yangu alitoka nyumbani, mtaa wa Free Area hapa Nakuru, kwenda shuleni akiwa amevaa rinda lenye mstari. Chini ya magoti palikuwa na ukanda wa samawati iliyokolea, upana wa vidole vitatu, rangi ileile nguo iliyokuwa nayo siku ilipotoka kwenye cherehani. Juu ya ukanda huo, pale pindo la zamani lilipokuwa limekunjwa, kulikuwa na mstari mweupe uliochakaa. Kuanzia hapo kwenda juu rinda lote lilikuwa limepauka kwa jua na sabuni. Kila fundi anaujua mstari huo. Unamwambia kwamba mtoto amerefuka, nguo mpya haijapatikana, na kuna mtu amefumua pindo ili siku ziende.

Aliyefumua alikuwa ni yeye mwenyewe. Alitumia wembe, kisha akashona upya kwa mkono kwa uzi mweusi, kwa sababu uzi wa samawati uliokuwa nyumbani nilikuwa nimeubeba kazini wiki iliyotangulia. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake ana duka la kushona sare za shule.

Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini humnyoa mwanawe. Mimi wiki hiyo nilikuwa nimeshona sare za zaidi ya watoto mia moja wa watu wengine, na huyu wangu sikuwa nimempima hata mabega. Niliuona ule mstari akiwa tayari mlangoni, begi mgongoni. Nikamwambia, "Nitakushonea wikendi." Akajibu, "Sawa, baba," kama mtu anayejibiwa "tutaona" na karani na anajua maana yake. Wikendi ilipofika nilikuwa kazini.

Duka langu liko mjini Nakuru, si mbali na Soko la Wakulima. Nilianza 2009 na cherehani moja ya miguu, ya mtumba, kwenye veranda ya duka la mtu mwingine. Kufikia 2019 nilikuwa na chumba changu cha kukodi, cherehani nne, ovaloki moja ya kumalizia kingo za nguo, mtambo wa kufuma sweta na wafanyakazi watatu. Kazi ya sare ina msimu kama mahindi ya Njoro. Desemba na Januari huna nafasi ya kunywa chai. Februari na Machi unakaa mlangoni ukihesabu matatu zinazopita. Aprili na Agosti watu wanarudi kidogo: sweta iliyopotea, kaptura iliyopasuka matakoni, soksi. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na mtu angeweza kupanga maisha yake hivyo kama angetaka. Mimi sikutaka. Miezi ya baridi ya biashara nilikuwa nafungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku vilevile, nikikaa tu, kwa hofu kwamba mteja atakuja akute mlango umefungwa.

Kisha Machi 15, 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Fundi wa sare bila shule ni kama mvuvi wa Naivasha bila ziwa. Tulishona barakoa miezi michache, shilingi 50 moja, baadaye 20, baadaye hakuna aliyetaka. Wafanyakazi wawili wakarudi kwao. Nilikaa nyumbani, nikapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, na kusema kweli nilijifunza majina ya marafiki wa binti yangu. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Wengine wote wakaambiwa Januari 4.

Sasa fikiria. Watoto wamekaa nyumbani miezi tisa. Hakuna aliyebaki na kimo chake. Kaptura zimekuwa za kuogelea, sweta zinaishia kwenye kitovu. Kila mzazi wa Nakuru aligundua jambo hilo wiki moja, ile ya baada ya Krismasi, na wengi wao hawakuwa na pesa kwa sababu mwaka mzima kazi zilikuwa zimelala. Walikuja na elfu moja mkononi na watoto watatu. "Fundi, nitamalizia mwisho wa mwezi." Nilikuwa na njaa ya kazi ya miezi tisa. Nilimwambia kila mtu ndiyo.

Wakati huo kafyu ilikuwa ya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Badala ya kunirudisha nyumbani mapema, kafyu ilinifungia kazini. Saa nne ikikaribia na kazi bado ipo, tunateremsha shata, tunaweka sufuria ya chai, tunashona ndani mpaka saa kumi, halafu kila mtu anatafuta boda. Usiku wa tatu wa mtindo huo nilitandaza kitambaa cheupe matabaka 24, yote uso ukiangalia juu, nikachora mkono wa shati, nikakata, nikachora tena, nikakata. Mkono wa shati una mbele na nyuma yake. Mviringo wa begani haulingani pande zote mbili. Mara ya pili unatakiwa uigeuze paterni. Sikuigeuza. Kulipopambazuka nilikuwa na mikono 48, yote ya kulia.

Hakuna aliyecheka mpaka saa sita mchana. Ndipo yule dada anayeshughulika na ovaloki, ambaye duka zima linamwita Dada wa Ovaloki, akaushika mkono mmoja, akaugeuzageuza, akasema, "Fundi, hawa wataandika vizuri sana." Nilicheka hadi nikatoa machozi, na sina hakika machozi yote yalikuwa ya kicheko. Kitambaa kile kilikuwa cha mkopo.

Ningependa kusema kwamba nilibadilika siku hiyo. La. Nilinunua kitambaa kingine nikaendelea, kwa sababu serikali ilikuwa inafidia muda uliopotea na kalenda ikawa ya kukimbizana. Mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai 26, wa 2022 ukaanza Aprili 25, na wa 2023 ukaanza Januari 23. Mzazi aliona karo zikifuatana kama mabehewa. Mimi niliona msimu baada ya msimu, bila ile Februari ya kukaa mlangoni. Nilijiambia hii ni baraka, mwenye kazi asilale. Mke wangu alikuwa akiniwekea chakula juu ya meza na sahani juu yake, na sahani yenyewe ilikuwa na jasho kwa ndani nilipoifunua.

Kilichonishtua ni mazishi. Mapema Aprili 2022 tulimzika mama mkwe wangu huko Ol Kalou. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Niliwaachia vijana duka siku mbili, nikabeba simu. Nilizima mlio, lakini mtetemo haufichiki kwenye mfuko wa koti watu wakiwa wamenyamaza. Pasta anasoma, mfuko wangu unanguruma. Tunashusha jeneza, unanguruma. Shemeji yangu mkubwa alinitazama mara moja tu, na mtazamo huo ninao hadi leo.

Usiku, tukiwa tumekaa jikoni kwa marehemu, mke wangu akasema, "Baba, leta simu." Nikadhani anataka kuizima. Alichukua kipande cha karatasi ya orodha ya rambirambi, akaigeuza upande mtupu, akaanza kusoma simu zilizoingia siku hiyo, moja baada ya nyingine. "Huyu alitaka nini?" Ninamwambia. Anaandika. "Na huyu?" Zilikuwa 31. Alizipanga hivi: bei ya kitu fulani, 9. Kitu fulani kiko wapi, 8. Mteja anauliza nguo yake iko tayari au la, 7. Nani amelipa na nani hajalipa, 4. Jambo la kukata kitambaa, 3.

Akanisogezea karatasi. Hakusema neno. Alikuwa amemzika mamake siku hiyo.

Niliitazama karatasi ile muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nikiamini kwamba ninachoka kwa kushona na kukata. Kumbe kazi ya mikono yangu ilikuwa simu tatu. Zilizobaki 28 zilikuwa ni kichwa changu: bei zilikuwa humo, madeni yalikuwa humo, na mahali pa sweta ya kijani namba 28 palikuwa humo. Mtu yeyote aliyetaka kujua chochote ilibidi anibishie hodi mimi. Na nikijichunguza vizuri, nilikuwa nimepanga iwe hivyo. Ilinifurahisha kusikia "bila Fundi hapa hakuendi kitu." Kuna wafanyabiashara wengi mjini humu ambao ugonjwa wao ni huo tu, na wanauita bidii.

Hapa sasa nisimulie habari ya mkasi.

Nina mkasi wa kukatia, wa inchi kumi, mzito, niliununua mwaka wa pili wa kazi. Kila jioni nilikuwa naufunga kwa kitambaa, ninauweka begini, ninaenda nao Free Area. Asubuhi ninarudi nao. Watu wa matatu walishanizoea. Ukiniuliza ningekwambia ninaogopa wezi, lakini cherehani za maelfu zilikuwa zinalala dukani na kufuli moja. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu akate kitambaa nisipokuwepo. Mkasi ukiwa nyumbani, duka haliwezi kuanza kazi mpaka nifike. Nikiugua, wafanyakazi wanakaa. Nikichelewa kwa sababu nimempeleka mtoto hospitali, watu watatu wanaolipwa kwa kipande wanakosa vipande. Jambo hili la mwisho lilinichukua miaka kumi na mbili kuliona, nami ndiye niliyekuwa nikilalamika kwamba vijana hawana haraka.

Nilianza na karatasi, si na mkasi. Tulinunua daftari kubwa la mistari, lile la karani, tukaliweka juu ya meza ya mbele na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila oda ina mstari wake: tarehe, mtoto, shule, vipimo, ametanguliza ngapi, anachukua lini. Bei zote tukaziandika kwenye karatasi ya manila na kuzibandika ukutani. Nilikuwa nimekataa jambo hilo miaka mingi nikisema bei ya fundi ni ya mazungumzo. Ni kweli ni ya mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyokuwa yanakula mchana wangu. Sweta tukazipanga kwenye rafu kwa namba, kuanzia 22 chini hadi 38 juu. Ilichukua siku mbili na sielewi kwa nini sikuifanya 2012.

Simu ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Tulichukua laini ya duka, na namba ya tili, yaani ya kulipia duka kwa simu, badala ya watu kunitumia pesa moja kwa moja kwa M-Pesa yangu. Zamani pesa ya rinda iliingia palepale ilipoingia pesa ya unga, na ilitoka bila kuaga. Nikanunua gesi kwa pesa ya vifungo, nikanunua vifungo kwa karo. Sasa duka lina pesa zake na mimi duka linanilipa mshahara kila Jumamosi. Mwezi ule wa mwanzo niligundua mshahara ninaoweza kujilipa ni mdogo kuliko wa Dada wa Ovaloki katika msimu. Iliniuma. Ila nilijua, na kabla ya hapo nilikuwa nakisia.

Kugumu kulikuwa kukata. Paterni zangu zilikuwa chaki na kumbukumbu: namtazama mtoto, nachora moja kwa moja juu ya kitambaa. Jambo la sifa, lakini huwezi kumwachia mtu macho yako. Kwa hiyo Mei na Juni 2022, shule zikiwa zimeshafunguliwa na kazi imepungua, tulikaa na makadibodi ya katoni tukatengeneza paterni za kila shule tunayoishonea, kila saizi, mbele, nyuma, mkono, kola. Tukatoboa tundu kila moja na kuzining'iniza kwenye misumari. Paterni za mkono wa shati niliziandika kwa kalamu nyekundu upande mmoja KULIA, na upande wa pili KUSHOTO. Dada wa Ovaloki alisoma, akaniangalia, akaendelea na kazi yake.

Yeye ndiye niliyemfundisha. Mara ya kwanza nilimpa kitambaa cha bei rahisi, kaptura za kijivu. Nilisimama nyuma yake. Alikuwa anakata polepole, akiinua mkasi katikati ya mstari, na kila alipouinua kitambaa kilibaki na jino dogo. Mkasi wa kukatia hauinuliwi. Unausukuma ukiwa umelala mezani, meno ya chini hayaachi mbao. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Mara mbili niliunyosha mkono kuuchukua, mara ya pili akasema bila kugeuka, "Fundi, ukinipokonya sitajua." Nikatoka nje nikanunua njugu. Niliporudi alikuwa amemaliza kaptura sita. Moja ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeharibu zaidi ya hizo katika mwezi wangu wa kwanza, kwa kitambaa cha mtu aliyenifundisha, na yeye alinifokea mpaka wapita njia wakasimama.

Hata baada ya hapo niliendelea kuubeba mkasi nyumbani karibu mwezi mmoja. Mazoea yana taabu yake.

Mambo mengine yalikuja na maumivu. Tuliamua hakuna kitambaa kinachokatwa kabla mtu hajatanguliza nusu. Nilipoteza wateja wa tangu enzi za veranda. Mmoja aliniambia nimepata pesa na sasa nina maringo. Nilitaka kumtajia madeni ya Januari 2021, ambayo mengine mpaka leo hayajalipwa na sitayadai tena, kwa sababu najua mwaka ule ulikuwaje. Lakini kukopa arusi kulipa matanga, na matanga yalikuwa yananifikia mimi na muuza jora, si yeye. Waliobaki walizoea. Wengine walianza kulipa mdogo mdogo tangu Septemba, mia tatu, mia mbili, na Desemba wakachukua nguo bila deni. Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nadhani watu hawana pesa, kumbe wengi walikosa mahali pa kuziweka zisiliwe.

Kisha tukaweka tarehe. Oda za Januari mwisho wake Desemba 15. Baada ya hapo tunauza tulivyo navyo tu: kaptura za kijivu, mashati meupe, sketi za samawati, vitu ambavyo shule nyingi zinafanana, na ambavyo sasa tunavishona Februari, Machi na Juni badala ya kuhesabu matatu. Mwaka wa kwanza, yaani Desemba 2022, ilikuwa vita. Shule moja ya binafsi iliyokuwa ikinipa kazi nzuri ilileta oda juma la pili la Januari, sweta na blauzi nyingi, zinatakiwa baada ya siku tano. Zamani ningesema ndiyo kabla mtu hajamaliza sentensi. Nilisema naweza kutoa nusu kwa siku kumi. Wakaenda kwa fundi mwingine na hawajarudi. Ile ilikuwa karo ya muhula mzima, na usiku ule sikulala, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kukataa kazi kunaleta usingizi.

Mwezi uleule kulikuwa na mkanganyiko wa gredi ya saba. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walikuwa wanaingia sekondari ya chini, na kila shule ilikuwa na lake kuhusu sare: hii inataka ileile ya msingi, hii inataka tai, hii haijaamua. Mafundi wenzangu wengine walishona rundo kwa kubahatisha. Mimi nilikaa na daftari langu nikishona kilicholipiwa nusu. Ujasiri haukuwemo. Nilikuwa nimechoka kubahatisha tu.

Jumapili tulifunga. Hapa niliingia nikijiona mtu mwema na nikatoka nimeaibika. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, nami miaka yote msimu ukifika nilikuwa nawaita Jumapili baada ya kanisa. Nilipowatangazia kwamba basi, Jumapili ni ya mapumziko, nilingoja washukuru. Kijana wa sweta akauliza, "Na pesa ya Jumapili?" Analipwa kwa kipande. Siku niliyompa ya kupumzika nilikuwa nimemnyang'anya mfukoni. Mwenye duka akipumzika huita mapumziko, wa kipande akipumzika huita hasara. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe tuliongeza shilingi 10 kwa kila rinda na 15 kwa kila sweta, nikapandisha bei ukutani kidogo, na miezi ya baridi wanapata kazi ya zile nguo za kuweka rafuni, hivyo Machi hawarudi kwao tena. Hesabu haijakaa sawa hata leo. Kijana wa sweta bado ananung'unika, na nikimsikiliza vizuri hajakosea.

Jumapili mojawapo mwaka 2023 nilimpeleka binti yangu Menengai. Nimeishi Nakuru zaidi ya miaka ishirini, mlima upo pale kaskazini, ukiinua kichwa unauona, na sikuwahi kufika ukingoni. Unafika juu, ardhi inakatika mbele yako: shimo la volkeno la upana wa kama kilomita kumi na mbili, chini msitu na mawe meusi, na mvuke mweupe wa visima vya jotoardhi unapanda kwa mbali. Binti yangu alikuwa ananiuliza mvuke ule unatoka kwa nani. Simu ikalia. Laini yangu, si ya duka. Mteja wa zamani mwenye namba ya zamani. Nikapokea. Nilipomaliza kueleza kwamba duka lina namba yake na leo tumefunga, mtoto alikuwa ameshasogea mbali, amekaa juu ya jiwe, amenipa mgongo. Tulikula mahindi ya kuchoma tukateremka. Sikuwa nimepona, kwa kifupi.

Na Januari bado hunimeza. Wanaonishauri nifunge saa kumi na moja kila siku hawajawahi kuona foleni ya wazazi juma la kwanza la Januari. Mkulima wa Molo haendi kutembea viazi vikiwa vinachimbwa. Januari nafunga saa tatu usiku, nakula chakula chenye jasho la sahani, na nyumbani wanajua. Tofauti ni kwamba wanajua pia siku itakayoisha, iko kwenye kalenda ya ukutani imezungushiwa kalamu, na Februari nachukua wiki nzima, na Dada wa Ovaloki anachukua yake baada yangu.

Desemba 2023 binti yangu alikuwa anajiandaa kuingia gredi ya saba. Shule mpya, sare mpya. Nilikuwa nimejiapiza kwamba hii nitaishona mwenyewe, kwa mikono yangu, nikaiahirisha wiki, nikaiahirisha nyingine. Tarehe 12 jioni niko matatuni narudi nyumbani, begi likiwa jepesi, ujumbe wa tili ukaingia: shilingi 1,900, na jina la mke wangu. Nikadhani amekosea namba.

Kesho yake nilifika dukani mapema nikafungua daftari. Mstari wa tatu kutoka chini, mwandiko wa Dada wa Ovaloki: jina la binti yangu, shule, kifua, kiuno, urefu, ametanguliza nusu, anachukua Januari 3. Walikuja jana nikiwa nimeenda kwa muuza jora. Nikamuuliza kwa nini amemtoza mke wangu.

"Mama mwenyewe aliuliza kama ni lazima," akasema, huku akinyoosha sketi mezani. Ilikuwa imekatwa tayari. "Nikamwambia sheria iko ukutani."

Mkasi ulikuwa mezani, ulikolala. Nikauinua ukingo wa sketi kuangalia, akanionyesha kwa kidole kabla sijauliza: alikuwa amechora mstari wa chaki chini kabisa na kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, *pindo inchi 4, huyu anarefuka.*